Kutoa Damu Ili Kupona

Tangu utoto wetu tumefundishwa kwamba damu ni uzima. Mtoto akipauka macho na viganja, mama yake humpeleka upesi hospitalini, naye mganga hutafuta njia ya kumwongezea damu. Kwa hiyo twashangaa sana tukisikia kwamba wako wagonjwa ambao dawa yao ni kupunguziwa damu. Kila juma mwuguzi huwafunga mkono, huchoma sindano katika mshipa, na kuacha damu ya nusu lita itiririke katika mfuko. Kisha huwaambia: «Rudi juma lijalo.» Nao hurudi juma baada ya juma, pengine kwa muda wa mwaka mzima au zaidi.

Je, watu hawa hawakauki? Hemoglobini yao, yaani ile rangi nyekundu inayoipa damu nguvu yake, haiishi? Swali hili si la bure. Wako wagonjwa walioacha dawa hiyo katikati kwa sababu ya hofu, na wako wengine waliodhuriwa na jamaa zao wenyewe, waliowapa vidonge vya chuma kwa huruma. Basi leo twataka kueleza jambo hili polepole, ili kila mmoja aelewe kwa nini damu ikitolewa kwa kipimo huweza kumwokoa mtu.

Chuma kilicho ndani yetu

Sote tunajua chuma cha jembe na cha sufuria. Lakini chuma kimo pia ndani ya miili yetu, tena bila hicho hatuwezi kuishi. Mtu mzima mwenye afya ana gramu 3 au 4 tu za chuma mwilini mwake, uzito usiofikia ule wa msumari mkubwa. Sehemu iliyo kubwa kuliko zote imo katika hemoglobini. Kila chembe ndogo kabisa ya hemoglobini hushika vipande vinne vya chuma, na vipande hivyo ndivyo vinavyoipokea hewa safi mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo. Hemoglobini ikipungua sana, mtu hutweta akipanda mlima, moyo hupiga mbio, na kichwa huzunguka.

Chuma kisichotumika huwekwa akiba, hasa katika ini. Twaweza kusema kwamba ini ni ghala, na uboho ulio ndani ya mifupa ni kiwanda kinachotengeneza chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Zikizeeka, mwili huzivunja, huokota chuma chake, na kukirudisha kiwandani. Hakuna kinachotupwa, kama vile fundi mwenye akili asivyotupa vipande vya chuma vilivyobaki.

Lakini hapa pana jambo la ajabu, na ndilo chanzo cha ugonjwa tunaousimulia. Mwili una mlango wa kuingizia chuma, nao ni utumbo. Lakini mlango wa kukitolea hauna. Maji yakizidi, figo huyatoa. Chumvi ikizidi, hutoka pamoja na mkojo. Chuma kikizidi, hukaa. Mwili huweza tu kulinda mlango wa kuingilia, na mlinzi wake ni homoni inayotengenezwa na ini, iitwayo hepsidini. Ghala likijaa, hepsidini huongezeka, nao utumbo hufunga mlango.

Haba na haba hujaza kibaba

Kuna watu waliozaliwa na mlinzi dhaifu. Ghala lao limejaa, lakini mlango hukaa wazi. Ugonjwa huo huitwa hemokromatosi. Mwaka 1865 mganga Mfaransa Armand Trousseau alieleza habari za mgonjwa mwenye kisukari, ini gumu na ngozi yenye rangi ya shaba. Mwaka 1889 Mjerumani von Recklinghausen aliupa ugonjwa jina lake. Mwaka 1935 mganga Mwingereza J. H. Sheldon alionyesha kwamba ni ugonjwa wa kurithiwa. Mwishowe, mwaka 1996, wataalamu waliona kosa lenyewe katika jeni iitwayo HFE. Kwa kawaida mtu huugua aina hiyo ikiwa amepokea jeni yenye kosa kwa baba na kwa mama pia.

Ugonjwa huo waonekana hasa kwa watu ambao asili yao ni Ulaya ya kaskazini. Katika nchi ya Ireland, mtu 1 kati ya 83 hivi amerithi kosa hilo pande zote mbili, ingawa si wote wanaougua. Hudhuru wanaume mapema kuliko wanawake, kwa maana wanawake hupoteza chuma kidogo kila mwezi na wakati wa kuzaa.

Tuangalie jinsi chuma kinavyokusanyika. Mtu mwenye afya hupokea miligramu 1 au 2 za chuma kwa siku. Tuseme mgonjwa hubakiwa na ziada ya miligramu 2 tu kila siku. Ni kitu gani hicho? Hata mizani ya duka haiwezi kukipima. Lakini kwa mwaka ziada hiyo yapita miligramu 700, na kwa miaka 30 yapita gramu 20. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu huanza kuchoka bila sababu, viungo vya vidole vinamwuma, ngozi hugeuka rangi, kisukari huingia, moyo hulegea, ini huwa gumu lenye makovu, na mwishowe saratani yaweza kuota humo. Kumbe adui ni kitu kile kile ambacho wengine wanakitamani.

Bandu bandu huisha gogo

Basi, ikiwa mwili hauna mlango wa kutolea chuma, tufanyeje? Jibu lilipatikana kwa kufikiri vizuri: chuma kimo ndani ya hemoglobini, na hemoglobini imo ndani ya damu. Tukitoa damu, chuma hutoka nayo. Mwaka 1950 waganga wa Marekani, W. D. Davis na W. R. Arrowsmith, walitangaza habari za wagonjwa waliotolewa damu mara kwa mara kwa kusudi hilo, na tangu wakati ule dawa hiyo imeenea. Hata leo, pamoja na maendeleo yote ya utaalamu, ndiyo dawa ya kwanza ya ugonjwa huo.

Tufanye hesabu, kama wanafunzi darasani. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Kama kila desilita moja, yaani sehemu ya kumi ya lita, ina gramu 15 za hemoglobini, basi damu yake yote ina gramu 750. Katika nusu lita mna gramu 75. Na kila gramu ya hemoglobini hubeba miligramu 3,4 za chuma. Zidisha: utapata miligramu 255. Ndiyo maana waganga husema kwa kifupi kwamba nusu lita ya damu ni robo gramu ya chuma.

Mgonjwa mwenye ziada ya gramu 10 atahitaji kutolewa damu mara 40 hivi. Akija kila juma, ni miezi tisa au kumi. Mwenye gramu 20 atahitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Yule aliyejaziwa kwa miaka 30 asitazamie kwamba atapunguziwa kwa siku moja.

Hemoglobini hushuka, kisha hupanda

Sasa tumefika kwenye swali letu. Hemoglobini hupatwa na nini?

Wakati damu inapotoka, kipimo hakibadiliki mara moja, kwa sababu maji na chembe nyekundu hutoka pamoja. Lakini katika siku moja au mbili zinazofuata, mwili hujaza nafasi kwa maji, kama vile mama anavyoongeza maji katika mchuzi wageni wakizidi. Mchuzi unakuwa mwingi tena, lakini mwepesi. Gramu 675 zilizobaki zikienea katika lita 5, kipimo kitakuwa gramu 13,5 mahali pa 15. Huko ndiko kushuka kwa hemoglobini ambako mgonjwa hukuona katika karatasi ya maabara.

Lakini mwili haulali. Figo hutambua kwamba hewa inayoletwa na damu imepungua. Hutuma mjumbe, homoni iitwayo eritropoyetini, aende mpaka ndani ya mifupa. Uboho husikia amri na kuzidisha kazi. Kwa kuwa unahitaji chuma cha kutengenezea hemoglobini mpya, hukitafuta ghalani, katika ini. Chuma hutoka pale kilipokuwa kikidhuru, hupanda katika gari la damu, hufika kiwandani, na kuwa hemoglobini mpya.

Tafadhali, msomaji, litazame jambo hili vizuri, maana hapa ndipo siri yote ilipo. Sindano haifiki katika ini. Hakuna anayelichoma wala kulisafisha. Ni kule kushuka kwa hemoglobini kunakoliamsha ini kutoa akiba yake. Tena juma lijalo hemoglobini hiyo mpya, yenye chuma kilichotoka ghalani, itatolewa sehemu yake katika mfuko. Basi kushuka kwa hemoglobini kwa kiasi si ajali ya dawa. Ndiko dawa yenyewe inakofanyia kazi.

Kwa mtu wa kawaida anayejitolea damu, hemoglobini huchukua majuma mengi kurudi, kwa sababu ghala lake ni dogo. Lakini mgonjwa wa hemokromatosi ana chuma tele, na uboho wake, ukiwa mzima, waweza kutengeneza damu mara tatu ya kawaida au kupita. Ndiyo sababu huvumilia kutolewa nusu lita kila juma, hali ambayo ingemlaza mtu mwingine kitandani. Mara nyingi hemoglobini yake hushuka kidogo katika majuma ya kwanza, kisha hutulia mahali pake kwa miezi mingi.

Lakini siku moja huanza kushuka na kukataa kurudi. Kama chakula ni kizuri na hakuna ugonjwa mwingine, hiyo ni habari njema: ghala liko karibu kuwa tupu. Kiwanda chaita, na mtunza ghala ajibu: «Hakuna tena.»

Kazi ya mganga ni kupima

Hata hivyo, hatuachi mambo yaende ovyo. Kabla ya kila sindano, hemoglobini hupimwa. Mashauri ya wataalamu wa maini wa Ulaya, yaliyotolewa mwaka 2022, yasema hivi: hemoglobini ikishuka chini ya gramu 12 kwa desilita, damu itolewe mara chache zaidi au kwa kiasi kidogo, ikishuka chini ya 11, dawa isimamishwe kwanza mpaka damu ipate nguvu. Mtu mwenye mwili mdogo hatolewi nusu lita nzima. Mwenye moyo dhaifu huangaliwa kwa uangalifu zaidi.

Pamoja na hemoglobini, waganga hupima pia feritini, inayoonyesha akiba iliyomo ghalani. Hemoglobini hutuambia kama mgonjwa aweza kuvumilia leo. Feritini hutuambia safari imebaki umbali gani. Wagonjwa wengine huanza wakiwa na feritini inayopita mikrogramu 1.000 kwa lita. Shabaha ni kuifikisha karibu na 50. Ikifika hapo, mgonjwa hupumzishwa. Kisha hutolewa damu mara 2 hadi 6 kwa mwaka, maisha yake yote. Kwa nini asiache kabisa? Kwa sababu mlinzi wa mlango bado ni dhaifu, na chuma kinaendelea kuingia.

Ikiwa hemoglobini yashuka huku feritini ikibaki juu sana, mganga mwenye akili hujiuliza: pana nini tena? Huenda mgonjwa anavuja damu tumboni. Huenda amekosa vitamini B12 au asidi ya foliki, maana kiwanda chahitaji vitu vingine mbali na chuma. Huenda uboho wenyewe ni mgonjwa. Hapo si wakati wa kuendelea kutoa damu bila kufikiri.

Huruma inayodhuru

Twataka sasa kusema na jamaa za wagonjwa. Mgonjwa arudi nyumbani amechoka kidogo. Mkewe asoma katika karatasi kwamba hemoglobini ni 12,5, na zamani ilikuwa 15. Asema moyoni: «Mume wangu anakwisha.» Aenda dukani kununua vidonge vya chuma au dawa ya maji ya kuongeza damu, na kumpa mumewe asubuhi na jioni. Tunafahamu upendo wake. Lakini mkono mmoja wa jamaa unajaza, na mkono mwingine wa hospitali unamwaga. Mtu huyo achomwa sindano bure, na ini lake linaendelea kuharibika.

Basi kanuni ni hizi. Mgonjwa mwenye chuma cha kuzidi asimeze vidonge vya chuma wala vya vitamini C bila ruhusa ya mganga wake. Aache pombe, kwa maana pombe na chuma pamoja huliua ini upesi. Siku ya sindano anywe maji mengi, ale, asifanye kazi nzito. Akisikia kizunguzungu au moyo ukipiga kwa nguvu isiyo ya kawaida, amwambie mwuguzi, asione haya. Na ndugu zake waliozaliwa pamoja naye wapimwe damu, ingawa hawaumwi, kwa sababu kosa lililo kwake laweza kuwa kwao.

Faida yake ni kubwa. Mwaka 1985 wataalamu wa Ujerumani walitangaza kwamba wagonjwa walioanza dawa kabla ini halijapata makovu na kabla kisukari hakijaingia waliishi muda mrefu kama watu wengine. Aliyechelewa hufaidika pia, lakini makovu ya ini mara nyingi hayafutiki. Tena katika nchi kadhaa, Ireland ikiwa mojawapo, damu ya wagonjwa wanaotimiza masharti hupokewa kwa ajili ya kuwapa wengine. Kilicho mzigo kwa mmoja huwa uzima kwa mwenzake.

Na sisi Waafrika?

Huenda msomaji atasema: «Hayo ni magonjwa ya Wazungu.» Asiseme upesi. Mwaka 1929 mganga Strachan wa Johannesburg alieleza habari za Waafrika waliokufa na chuma kingi mno katika maini yao. Baadaye ikajulikana kwamba sababu moja kubwa ni pombe ya kienyeji iliyopikwa katika vyungu na mapipa ya chuma. Pombe hiyo ni kali, nayo huyeyusha chuma cha chombo. Mnywaji hunywa pombe pamoja na pipa lake! Mwaka 1992 wataalamu walionyesha kwamba huenda pia kuna urithi wa namna nyingine, tofauti na ule wa Ulaya. Kwa wagonjwa hao, jambo la kwanza ni kuiacha pombe hiyo. Na kama hemoglobini ni nzuri, mganga aweza kuwatoa damu pia.

Pia tunao watoto wetu wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi katika Kongo huuita SS. Wao hupewa damu mara nyingi, na kila mfuko huleta robo gramu hivi ya chuma isiyo na njia ya kutokea. Chuma chaweza kuwajaa wao pia. Lakini angalieni tofauti: kwa kawaida hatuwezi kuwatoa damu kama yule mtu wa Ireland, kwa sababu hemoglobini yao ni kidogo tangu mwanzo, na ghala likijaa, bado kiwanda chao hakiwezi kushinda hasara. Hao hupewa dawa zinazokamata chuma na kukitoa kwa njia ya mkojo au choo, kama deferoksamini na deferasiroksi. Ugonjwa waonekana kuwa mmoja, yaani chuma kimezidi; lakini dawa si moja. Hemoglobini ndiyo inayoamua.

Si kila damu ni ya kutolewa

Mwishowe, twaonya kwa nguvu. Mtu asisome habari hizi na kwenda kuumikwa kwa pembe, akidhani anajitoa chuma. Zamani huko Ulaya na Marekani waganga walitoa damu kwa kila ugonjwa. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliumwa koo mwezi wa Desemba mwaka 1799. Katika siku moja walimtoa zaidi ya lita 2 za damu, na usiku ule ule alikufa. Hawakuwa na kipimo wala sababu. Watoto na mama wengi wa nchi yetu wana upungufu wa damu kwa ajili ya malaria, minyoo na chakula haba. Kwao, kila tone ni la thamani.

Tofauti kati ya dawa na hatari si kisu wala sindano, ni kipimo. Yule anayetolewa damu baada ya kupimwa hemoglobini na feritini, kwa ugonjwa unaojulikana, yuko mikononi salama. Asiogope akiona hemoglobini imeshuka kidogo. Ajue kwamba ndani ya mifupa yake kazi inaendelea usiku na mchana, na kwamba ini lake linashusha mzigo lililoubeba miaka mingi. Na jamaa yake, badala ya kumnunulia vidonge, imsindikize hospitalini, imngojee nje, na kurudi naye nyumbani.